Kabla Hatujapiga Windozi

Ukiibonyeza alfajiri
unaweza kuchemsha uji, kumwogesha mtoto,
kushuka ngazi za mawe hadi bombani ukarudi na ndoo,
ukaikuta bado inazungusha kiduara chake
kama mtu anayekoroga chai isiyo na sukari.

Nkwabi wa Makoroboi aliitazama dakika moja.
"Mama, hii ipigwe windozi. Elfu ishirini.
Itarudi kama mpya."
Na vilivyomo?
"Vilivyomo vinaondoka. Ndiyo upya wenyewe."

Jumamosi nikawaeleza wenzangu wa kikoba.
Mama Bwire wa dagaa akadakia kabla sijameza mate:
"Futa! Futa yote, mhazini, uanze na moyo mweupe!"
Sikumjibu. Nilikumbuka tu
kwamba daftari la karatasi liliondoka na mvua ya Machi
siku bati lilipong'oka,
na kwamba laki tatu na arobaini za Mama Bwire
zinaishi humo ndani, mstari wa kumi na saba,
pamoja na riba.

Nikaifunga kwa kanga, nikapanda nayo Bugarika
kwa Mhoja, binti wa marehemu kaka yangu,
asiyefuta kitu kabla hajakifahamu.

Kwanza hakuiwasha.
Akaigeuza, akalegeza skrubu kwa ncha ya kisu cha mboga,
wakamwagika wadudu wa ziwa,
wale wanaopanda kutoka majini kama moshi,
wa misimu mitatu, wakavu, wepesi kama pumba,
wamejisokota kwenye feni
mpaka feni ikasahau kazi yake.
"Shangazi, hii si mvivu. Hii ina pumu."
Brashi ya rangi, kitambaa, pumzi yake mwenyewe.

Tukaiwasha. Akahesabu wanaoamka nayo:
programu kumi na tisa zinagombea mlango mmoja,
ya kichapishi tulichokwisha kukiuza,
ya karata za mwanangu,
na walinzi wawili wa virusi
wanapekuana wao kwa wao usiku kucha
huku mwizi, kama yupo, akijipitia zake.
Mlinzi mmoja akaambiwa aende.
Wengine walale mpaka waitwe.

Kisha diski. Imeshiba hadi kooni.
Pipa la taka halijamwagwa tangu Ng'washi hajaolewa,
na harusi yenyewe ya Ng'washi, video, nakala kumi na moja,
kwa kuwa kila aliyeiomba nilimnakilia upya
nikaiacha hapohapo.
Kumi tukazitupa.
Ya kumi na moja tukaitazama kidogo,
hadi pale kaka anapokosea hatua ya ngoma,
anajitazama miguu, anacheka.
Mhoja hakusema neno.
Aliihamishia kwenye flashi, flashi akaivaa shingoni,
akaendelea na kazi.

"Na ikikataa?" nikamuuliza.
"Ikikataa tutaipima diski. Tutaiongezea kumbukumbu,
nina kipande kwenye ile iliyokufa ya shuleni.
Ikikataa tena tutanakili kila kitu, kila kitu, shangazi,
ndipo tupige windozi.
Kupiga huja mwisho, hata kwa watoto."

Leo nimeibonyeza.
Uji haujatoa hata povu, nayo imeshaamka.
Haikimbii, nisiseme uongo.
Inakwenda kama mimi kwenye kile kilima cha Bugarika,
kwa vituo, mkono kiunoni,
lakini inafika.
Nimefungua orodha. Mstari wa kumi na saba upo,
nimeupaka njano.

Mama Bwire ameshapiga simu mara mbili
kuuliza kama imefutwa.
Nimemwambia mgonjwa anaendelea vizuri,
anakumbuka kila mtu,
na yeye amemtaja kwa jina.